Daktari Theodor Kocher, Mganga wa Rovu

Dada yangu anasomea uuguzi hapa Juba. Jioni moja alikuwa akijifunza kwa sauti majina ya vyombo vya chumba cha upasuaji, na mara kwa mara akawa anataja Kocha. Mimi nikadhani anasema habari za mwalimu wa kandanda. Akacheka sana, kisha akanieleza ya kuwa ni koleo la chuma lenye meno nchani, la kubania mishipa ya damu, nalo limepewa jina la mtu. Nikamwuliza ni mtu gani, naye hakujua. Basi nikaanza kutafuta habari za mtu huyo, na leo napenda kuwasimulia ninyi wanafunzi wenzangu, pamoja nanyi mliokwisha kutoka shuleni, kwa kuwa nimeona habari zake zimefika hata nyumbani kwetu.

Emil Theodor Kocher alizaliwa tarehe 25 Agosti, 1841, katika mji wa Bern, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mhandisi. Mama yake alikuwa wa Kanisa la Moravian, kanisa lile ambalo wamisionari wake walifika Rungwe, katika nchi iitwayo leo Tanzania, mwaka 1891. Alisoma uganga mjini kwao akahitimu mwaka 1865, kisha akasafiri mpaka Berlin, London, Paris na Vienna ili awatazame wapasuaji wakubwa wa siku zile wakifanya kazi. Mwaka 1872, kabla hajatimiza miaka 31, alifanywa profesa wa upasuaji katika hospitali ya Inselspital huko Bern, akadumu katika kazi hiyo miaka 45.

Uswisi ni nchi ya milima, tena iko mbali na bahari. Mvua na theluji za miaka mingi sana zimeiosha iodini katika udongo wake, na mtu asiyepata iodini ya kutosha katika chakula huvimba shingo. Uvimbe huo ndio rovu. Barani kwetu pia jambo hili lajulikana sana, kama vile katika Darfur, na katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, ambako waganga waliona ya kuwa muhogo usiotayarishwa vema huuongeza ubaya huo. Chini ya koo kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Kazi yake ni kuchukua iodini na kutengeneza homoni inayouamuru mwili wote kasi ya kufanya kazi. Ikikosa iodini hujitanua, kama mtu atandazaye wavu mkubwa zaidi kwa kuwa samaki wamepungua.

Siku hizo kulikata rovu kulikuwa karibu sawa na kumwua mtu. Shingo ina mishipa mingi, na mgonjwa alimwaga damu mpaka akafa mezani, au akafa baadaye kwa jeraha kuoza. Tena mpasuaji alisifiwa kwa wepesi wa mkono. Kocher akafanya kinyume. Alikata polepole, akaubana mshipa mmoja mmoja kwa koleo lake, na akaishika sana desturi mpya ya usafi aliyoianzisha Lister huko Uingereza. Vifo vikapungua mwaka hata mwaka, hata mwisho hakufa mgonjwa mmoja katika mia. Katika maisha yake alifanya operesheni za rovu zaidi ya 5,000, na wapasuaji wakatoka nchi za mbali, hata Marekani, kuja kumtazama.

Kama habari zake zingeishia hapo, ningeziandika kwa mistari michache tu. Lakini kuna habari ya mtoto mmoja.

Mwezi wa Januari 1874 Kocher alimpasua msichana wa miaka 11 akamtoa tezi yote pamoja na rovu. Jeraha likapona vizuri. Mwaka ule ule mganga wa kijijini kwao akatoa habari ya kuwa mtoto amegeuka: zamani alikuwa mchangamfu, sasa amekuwa mzito na mwenye kununa. Kocher alizipata habari hizo, asizifuate. Miaka ikapita, naye akaendelea kuwatoa wengine tezi yote, akiamini ya kuwa ndiyo kazi iliyo safi kabisa. Hata mwezi wa Septemba 1882, huko Geneva, mpasuaji mwenziwe, Jacques-Louis Reverdin, akamwambia ya kuwa ameona mambo ya ajabu kwa watu waliotolewa tezi nzima.

Kocher akarudi Bern akaanza kuwatafuta wagonjwa wake wa zamani ili aje awaone tena. Katika 102 alijaribu kuwapata 77. Fikirini mtu mwenye sifa kama yake akiwaita watu waliopona mikononi mwake, ili atazame kama kweli walipona! Wale aliowaachia kipande cha tezi walikuwa wazima. Lakini wale aliowatoa yote, karibu wote walikuwa wameharibika: uso na mikono imevimba, ngozi imekauka, nywele zimepungua, wanaona baridi daima, wanasema polepole na kufikiri polepole. Yule msichana naye alikuja. Alikuwa na mdogo wake waliyefanana sana hata watu wakawachanganya. Sasa mdogo amekuwa mwanamwali mzuri, na mkubwa amebaki mfupi kama mtoto, akili zake zimelala.

Mwezi wa Aprili 1883 Kocher alisimama mbele ya mkutano wa wapasuaji mjini Berlin akayaeleza yote, na tangu hapo hakutoa tezi nzima ila kwa ugonjwa wa kansa. Sitaki kumsifu kupita kiasi. Sababu aliyoitoa kwanza haikuwa sahihi, maana alidhani bomba la pumzi limedhoofika na hewa haiwatoshi. Tena Reverdin alistahili heshima kubwa kuliko aliyopewa, na wawili hao walibishana sana juu ya nani aliyetangulia. Hata hivyo, kwa hesabu ile ya wagonjwa walioharibika, ulimwengu ulijua tezi ile inafanya kazi gani. Mwaka 1891 George Murray, huko Uingereza, alimdunga mgonjwa wa namna hiyo maji ya tezi ya kondoo, akapata nafuu. Mwaka 1909 Kocher akapewa Tuzo ya Nobel, naye alikuwa mpasuaji wa kwanza kuipata.

Kocher alikuwa na macho na vidole vyake tu. Hata leo tabibu husimama nyuma ya mgonjwa, akaweka vidole shingoni, akamwambia ameze maji, kwa maana tezi hupanda pamoja na koo. Lakini ukubwa wa shingo hautoshi kusema: mwenye rovu kubwa aweza kuwa mzima, na mwenye shingo nyembamba aweza kuwa mgonjwa sana. Kwa hiyo damu hupimwa. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama harage, iliyo msimamizi. Ikiona kazi ya shingoni inalegea hutuma mjumbe katika damu, aitwaye TSH. Kazi ikizidi kulegea, wajumbe huzidi kutumwa. TSH nyingi na homoni kidogo maana yake tezi imechoka. TSH kidogo mno na homoni nyingi maana yake tezi inakimbia kupita kiasi, na mgonjwa huyo hukonda, hutetemeka mikono, na moyo humwenda mbio.

Nimesema habari hizi zimefika nyumbani kwetu. Binti wa mjomba wangu, mwenye miaka 13, alikuwa akilala darasani akachapwa kwa uvivu. Mwezi wa Machi, wakati Juba yote inatoka jasho, yeye alijifunika shuka. Mdogo wake alimpita kimo. Wengine walisema amerogwa, na mimi, nakiri, nilikuwa nikimcheka. Shingoni hakuwa na rovu lo lote. Dada yangu ndiye aliyeshikilia apimwe damu. Majibu yakakawia siku nyingi, na yalipokuja TSH ilikuwa juu sana.

Kocher alikufa mjini Bern tarehe 27 Julai, 1917, na mji huo una barabara yenye jina lake. Alikuwa hai bado wakati Edward Kendall, huko Marekani, alipoipata homoni yenyewe, thairoksini, mnamo Desemba 1914. Siku hizi hutengenezwa kiwandani. Binti wa mjomba humeza kidonge kimoja kila alfajiri, kabla ya chai. Amerudi darasani, mwaka mmoja nyuma ya wenziwe, na sare yake ya zamani imekwisha kuwa fupi.