Fahamu: Speke, mgeni wa Mfalme Rumanyika aliyeteswa na kichomachoma

Karagwe na Kyerwa, jina la John Hanning Speke linajulikana: Mzungu aliyefika kwa Mfalme Rumanyika akitafuta chanzo cha Mto Nile. Wachache wanajua kwamba miaka mitatu kabla ya hapo alishawaandikia ndugu zake barua ya kuwaaga, akiamini anakufa.

Speke alizaliwa Uingereza mwaka 1827, akaingia jeshini India akiwa bado kijana. Mwaka 1855, huko Berbera kwenye pwani ya Wasomali, kambi yao ilivamiwa usiku. Alikamatwa, akafungwa na kuchomwa mikuki mara kadhaa, kisha akaponyoka.

Oktoba 1858 alikuwa anarudi pwani na mwenzake Richard Burton. Walipofika Hanga, jirani na Tabora, kifua kikaanza kumuwaka upande wa kulia kama kimeguswa na chuma cha moto. Akaamka kwenye ndoto ya wanyama wakali wakimburuta, mwili ukakakamaa. Ndipo akaomba kalamu na karatasi. Ugonjwa huo uliitwa kichomachoma. Akapona.

Je, lilikuwa shambulio la hofu? Hakuna wa kumpima leo, na homa zilikuwa zimemwandama kwa miezi mingi, kwa hiyo huenda chanzo kilikuwa homa. Ila dalili zinafanana kiasi cha kuwachanganya wengi hata sasa.

Shambulio la hofu huja ghafla: moyo unadunda, pumzi inabana, jasho linatoka, mikono inakufa ganzi, na mtu anaona kabisa kwamba anakufa. Mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hupungua. Linaweza kuchochewa na tukio baya la zamani, msongo wa mawazo, kukosa usingizi, pombe, au kahawa nyingi, iwe ya kunywa au ya kutafuna. Wakati mwingine huja bila sababu yoyote ya kuonekana.

Novemba 1861 Speke alifika Karagwe na James Grant. Kyerwa nayo ilikuwa ndani ya ufalme huo. Wilaya yake imekuja kuanzishwa 2012. Rumanyika aliwapokea vizuri sana, ingawa naye hakuwa na amani moyoni: ndugu yake Rogero aliutaka ufalme, na mfalme akamwomba mgeni dawa ya kummaliza. Januari 1862 Speke akaendelea Buganda, akamwacha Grant akiuguza mguu. Julai mwaka huo akaona mahali Nile inapotoka ziwani Victoria.

Septemba 15, 1864, siku moja kabla ya kukutana na Burton kwenye mjadala kuhusu Nile, Speke alipigwa na risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Alikuwa na miaka 37. Uchunguzi ulisema ni ajali, lakini maneno ya watu hayajaisha mpaka leo.

Kwa wewe msomaji: kifua kikikubana kwa mara ya kwanza, usijiambie ni hofu tu. Nenda kituo cha afya upimwe moyo, mapafu na malaria. Ukiambiwa ni hofu, hiyo nayo inatibika. Lingine likija, kaa chini, toa pumzi taratibu, na umwambie mtu aliye karibu.