Jules Cornet: Mtaalamu wa mawe aliyeipima Katanga wakati wa njaa

JULES Cornet, mzaliwa wa Ubelgiji, alikuwa na umri wa miaka 26 alipojiunga mwaka 1891 na msafara wa Kapteni Lucien Bia kuelekea Katanga. Waliowatuma walitamani dhahabu.

Msafara ulifika Bunkeya mwishoni mwa Januari 1892 na kukuta maafa. Mfalme Msiri, ambaye asili yake ilikuwa Unyamwezi, alikuwa ameuawa Desemba na watu wa msafara wa Stairs. Raia walikuwa wametawanyika, mashamba yametelekezwa. Hata wapagazi wa Stairs, wengi wao waliotoka Zanzibar na pwani, walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi. Bia mwenyewe alifariki Agosti mwaka huo, uongozi ukamwangukia Emile Francqui.

Katika hali hiyo Cornet aliendelea kuokota mawe na kuchora ramani. Dhahabu haikuonekana. Badala yake alifika Kambove na Likasi, machimbo ambayo wenyeji waliyafahamu vyema kabla yake: waliyeyusha malakaiti kwa makaa katika tanuri za udongo wa kichuguu na kufua misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Kusema kwamba Cornet aliivumbua shaba ya Katanga, basi, ni kuwapunja wachimbaji hao. Alichofanya ni kuupima utajiri huo na kuueleza kisayansi.

Alirejea kwao 1893, akachapisha matokeo mwaka uliofuata, kisha akafundisha jiolojia mjini Mons. Shaba ilisubiri reli. Kuyeyusha kwa mitambo kulianza Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1911.

Katika mgodi wa Etoile, kando ya mji huo, ndimo ilimotambuliwa fosfeti ya shaba yenye rangi ya buluu iliyokolea. Hutokea pale maji ya mvua yanapopenya na kuyageuza mawe ya shaba karibu na uso wa ardhi. Mtaalamu mwenzake, Henri Buttgenbach, aliiita kornetaiti kwa heshima yake. Fuwele zake aghalabu ni ndogo mno, zimetanda juu ya mwamba kama ukoko. Wakusanyaji huzitazama kwa kioo cha kukuzia, na vipande vizuri huwa adimu.

Cornet alifariki Mons mwaka 1929. Waliomwonyesha njia ya kwenda Kambove hawakupewa jiwe lolote.