Daktari Robert Koch na Ugonjwa wa Malale

Mgonjwa wa kifua apimwapo makohozi hospitalini, kazi hiyo ina asili yake kwa Daktari Robert Koch, Mjerumani aliyezaliwa Clausthal mwaka 1843. Ndiye aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Hayo wengi wanayajua. Sisi twataka kueleza habari zake za huku kwetu, kwa kuwa amri nyingi za afya zilizowekwa na Wajerumani kando ya ziwa letu zilitokana na mashauri yake.

Malale yalikuwa yameonekana Uganda mwaka 1901, na waliotangulia kuyatambua ni madaktari wa misheni ya Kanisa letu pale Mengo, Albert Cook na ndugu yake Jack. Katika miaka michache watu zaidi ya 200,000 walikufa kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1906 Koch akafika visiwa vya Sese, akaanza kudunga sindano za Atoxyl, dawa yenye aseniki. Wagonjwa walimjia kwa mamia. Mwanzoni waliosinzia waliamka, wakatembea. Kisha vijidudu vikarudi katika damu, naye akazidisha kipimo cha dawa. Zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka, na macho yao hayakupona. Hapo ndipo akaacha vipimo vikubwa.

Koch aliishauri serikali yake kuwatenga wagonjwa katika makambi na kufyeka vichaka vya mbung'o. Hata mamba alitaka wapunguzwe, kwa sababu aliona mbung'o wananyonya damu yao. (Wavuvi wetu wangelipenda shauri hilo!)

Basi mambo hayo yakaletwa Ziwa Tanganyika, toka Ujiji hata Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Watu walipapaswa shingo kutafuta matezi yaliyovimba, wagonjwa wakapelekwa kambini, vichaka vikafyekwa kwenye bandari za mitumbwi na mahali pa kuteka maji. Kufyeka kulisaidia kweli, maana mbung'o hao hutaka kivuli karibu na maji. Lakini wengi waliikwepa kambi, nasi hatuwezi kuwaita wajinga: dawa iliyowangoja huko ilikuwa ileile Atoxyl, ingawa kwa kipimo kidogo.

Koch alirudi Ujerumani mwaka 1907, akafariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Makambi ya ziwani yaliendelea baada yake mpaka vita vya 1914.