Dorothy Hodgkin na Umbo la Insulini

Dorothy Crowfoot alizaliwa Cairo, katika nchi ya Misri, tarehe 12 Mei 1910. Wazazi wake walikuwa Waingereza. Baba yake alifanya kazi ya elimu huko Misri, kisha Sudani. Lakini Dorothy na wadogo zake walilelewa zaidi Uingereza, mbali na baba na mama.

Alipokuwa na miaka 10 hivi alianza kupenda fuwele. Fuwele ni nini? Tazama vema punje ya chumvi au ya sukari. Pande zake zimenyoka kana kwamba zimekatwa kwa kisu. Hiyo ndiyo fuwele. Alipofika miaka 13 alikwenda Khartoum kuwatembelea wazazi wake. Huko aliokota katika bustani punje nyeusi za madini, akataka kujua ni kitu gani. Mtaalamu wa udongo, rafiki wa wazazi wake, akamsaidia kuzipima, kisha akampa sanduku la dawa za kupimia mawe.

Katika shule yake wavulana walifundishwa kemia, na wasichana kazi za nyumbani. Dorothy na msichana mwenzake mmoja wakakubaliwa kuketi pamoja na wavulana. Baadaye alisoma Oxford, kisha Cambridge. Mwaka 1937 aliolewa na Thomas Hodgkin, wakapata watoto watatu.

Kazi yake ilikuwa kutafuta umbo la vitu vidogo mno kwa miali ya eksirei. Mvuvi wa Kiwagenia, akisimama penye maporomoko ya Kisangani, hutazama jinsi maji yanavyopinda, akajua jiwe liko wapi chini. Kazi ya Dorothy ilifanana na hiyo. Miali ya eksirei ni mawimbi. Ikipita katika fuwele hugonga atomu, hutawanyika, na kuacha madoa mengi juu ya filamu. Lakini doa huonyesha nguvu ya wimbi tu. Halionyeshi zamu yake, yaani kama wimbi lilitangulia au lilichelewa. Pasipo kujua zamu, umbo halipatikani.

Basi wataalamu hutia metali nzito ndani ya fuwele. Atomu nzito hutawanya miali kwa nguvu, kama jiwe kubwa mtoni. Tena hubadili kidogo zamu ya mawimbi. Kwa sababu hiyo madoa mawili ambayo yangelingana kabisa huachana kidogo. Kidogo sana, hata kosa dogo la kupima laweza kuifunika tofauti hiyo. Mwaka 1951 Mholanzi Johannes Bijvoet alionyesha kwamba, ikipimwa kwa uangalifu, tofauti hiyo yaweza kuaminiwa.

Dorothy alipata umbo la penisilini mwaka 1945. Mwaka 1956 alitangaza umbo la vitamini B12, ambayo mtu akiikosa hupungukiwa damu. Ndani yake mna atomu 181, na moja kati yake ni kobalti, metali ile ile inayochimbwa Kolwezi na Likasi. Kwa kazi hizo alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1964. Habari ilimkuta Ghana, ambako mume wake alikuwa akifundisha.

Hata hivyo insulini ilikuwa bado. Mtu ambaye mwili wake hautengenezi insulini huugua ugonjwa wa sukari, na bila dawa hufa. Dorothy alipiga picha yake ya kwanza ya fuwele za insulini mwaka 1935. Ina atomu karibu 800, na wakati ule hakuna aliyejua njia ya kuzipanga. Zaidi ya hayo, tangu miaka 24 alikuwa na ugonjwa wa viungo. Vidole vyake vilipinda na kuuma, lakini fuwele ndogo kama punje ya mchanga aliendelea kuzishika mwenyewe.

Mwisho yeye na vijana aliofanya nao kazi Oxford walitia metali nzito katika fuwele za insulini, wakapima maelfu ya madoa, pamoja na zile tofauti ndogo za madoa mawili mawili. Mwaka 1969 umbo likaonekana. Miaka 34 ilikuwa imepita tangu picha ile ya kwanza.

Wachina nao walipata umbo la insulini kwa juhudi yao wenyewe, na Dorothy akaenda Beijing kuitazama kazi yao, akaisifu mbele ya wataalamu wa nchi nyingine. Alirudi Beijing mwaka 1993 kwa mkutano wa wataalamu wa fuwele, akiwa katika kiti cha magurudumu. Alikufa Uingereza tarehe 29 Julai 1994.