MAISHA YA TABIBU IBN SINA NA ILIMU YAKE YA UBONGO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemuumba mwanadamu akamtukuza kwa akili, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Ama baada ya haya, kitabu hiki kidogo chaeleza maisha ya Abu Ali Al-Husein bin Abdillahi bin Sina, tabibu mkubwa ambaye jina lake halimpotei mtu yeyote aliyesoma tibu ya Waarabu. Wako wamsifuo hata wakapita kiasi, na wako wamlaanio hata wasitake kusikia lolote lililotoka kwake. Aisomaye khabari yake yote ataona kuwa lipo la kuchukuliwa kwake na lipo la kuachwa, na katika vyote viwili lipo zingatio.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Ibn Sina alizaliwa mwaka 370 Hijria (980 Miladi) katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh, akahamia huko kumtumikia Sultani Nuh bin Mansur wa ukoo wa Samani, na mama yake akiitwa Sitara. Wazee wake walipohamia mjini Bukhara walimtilia mwalimu wa Kurani na mwalimu wa adabu, hata alipotimia miaka 10 alikuwa amekwisha kuihifadhi Kurani na vitabu vingi vya lugha. Hisabu ya Kihindi alisomeshwa na muuza mboga, na fikihi akasoma kwa Sheikh Ismail Az-Zahid. Kisha akasoma mantiki na handasa kwa An-Natili, na muda si muda mwanafunzi akampita mwalimu.

Baadaye akaingia katika tibu, akaiona si ilimu ngumu, na alipokuwa na miaka 16 matabibu wakubwa walikuwa wakija kusoma kwake. Lililomtatiza zaidi lilikuwa kitabu cha Aristatalisi cha mambo yaliyo nyuma ya maumbile. Alikisoma mara 40 hata kikamkaa moyoni wala asikifahamu, mpaka siku moja sokoni akauziwa kwa dirhamu 3 kitabu kidogo cha Al-Farabi kilichomfungulia. Siku ya pili yake akatoa sadaka kwa masikini kumshukuru Mungu. Na ilikuwa dasturi yake, mas-ala yakimkwama, kwenda msikitini kusali na kumuomba Mola wake amfungulie.

Sultani Nuh alipougua na matabibu wake wakashindwa, kijana huyo akaitwa ashirikiane nao, naye Sultani akapona. Ujira alioutaka ni ruhusa ya kuingia katika chumba cha vitabu cha Masultani, akaviona humo vitabu ambavyo watu wengi hawakupata hata kuyasikia majina yao.

KUTANGATANGA KWAKE

Baba yake alipokufa na dola ya Wasamani ikavunjika, Ibn Sina aliondoka Bukhara, akawa hana makao. Alikwenda Gurganj, kisha akapita miji mingi ya Khurasani hata akafika Jurjan. Hapo ndipo alipopata mwanafunzi wake, Abu Ubeid Al-Juzjani, asiyeachana naye tena mpaka mwisho, na ndiye aliyetuhifadhia khabari zake. Na hapo Jurjan ndipo alipoanza kukiandika kitabu chake cha tibu kiitwacho Al-Qanun.

Huko Hamadhan alimtibu Amiri Shamsu-d-Dawla msokoto wa tumbo, akafanywa waziri. Askari wakamwasi, wakaipora nyumba yake na kutaka auawe, naye akajificha siku 40 mpaka Amiri alipougua tena akamtafuta na kumrudisha katika uwaziri. Mchana alikuwa katika kazi ya dola, na usiku wanafunzi wakikusanyika kwake kusoma. Amiri huyo alipokufa, Ibn Sina alifungwa miezi 4 katika ngome ya Fardajan, na humo kifungoni akaandika vitabu. Mwisho alitoroka amevaa nguo za Masufi, yeye na ndugu yake na Al-Juzjani na watumwa wawili, wakafika Isfahan kwa Alau-d-Dawla, akakaa huko kwa heshima.

ALIYOYAFUNDISHA KATIKA UBONGO

Al-Qanun ina vitabu vitano, na cha tatu, ambacho kinaeleza maradhi kiungo baada ya kiungo, kinaanza kwa kichwa. Ibn Sina alifundisha, akiwafuata Jalinus na matabibu wa kale, kuwa ubongo umefunikwa na ngozi mbili, moja ngumu iliyo karibu na mfupa na moja laini iliyo karibu na ubongo. Katika ubongo hutoka mishipa ya fahamu, nayo si mishipa ya damu. Kwa hiyo mtu huona na kusikia na kuonja, na kwa hiyo huinua mkono na kwenda kwa miguu. Ile ya kuhisi ni laini na hutoka zaidi upande wa mbele, na ile ya kutikisa viungo ni migumu zaidi.

Tena akaeleza hekima ya ule uboho uliomo ndani ya uti wa mgongo. Lau mishipa yote ingalitoka kichwani moja kwa moja, kichwa kingalihitaji kuwa kikubwa mno, na mishipa ingalikwenda masafa marefu hata ikawa dhaifu na rahisi kukatika. Basi Mwenyezi Mungu ameuteremsha uboho huo kutoka ubongoni ndani ya boma la mifupa, na kila pahala ukatoa mishipa kwa viungo vilivyo karibu, jozi 31 kwa jumla. Hesabu hiyo ya jozi za mgongoni ndiyo ile ile ya matabibu wa leo. Jozi za kichwani yeye alizihesabu 7, na leo zajulikana kuwa 12.

Na nguvu za ndani alizigawanya katika vyumba vya ubongo. Mbele ndipo yakusanyikapo yale yaletwayo na macho na masikio na hisi nyingine, na picha zake zikawekwa hapo hata kitu chenyewe kikiondoka. Katikati pana nguvu ya kufikiri, na ile ambayo kwayo kondoo humjua mbwa wa mwitu kuwa ni adui asipofundishwa na mtu. Nyuma pana nguvu ya kuhifadhi.

Ilimu ya leo imeyathubutisha baadhi ya haya na kuyasahihisha mengine. Yajulikana kuwa ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4, na ndani yake mna chembe za fahamu zinazokisiwa kuwa bilioni 86, zinazopelekeana khabari kwa umeme mdogo na kwa kemikali. Vyumba vile vimejaa maji safi tu, na kazi hufanywa na nyama ya ubongo yenyewe. Upande wa kushoto wa ubongo huamrisha upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huamrisha wa kushoto; ndiyo maana mtu akipatwa na kiharusi upande mmoja wa ubongo hupooza upande wa pili. Ubongo mdogo ulio kisogoni husawazisha mwendo, na shina la ubongo lililo chini yake huendesha pumzi mtu akiwa macho au amelala. Na ayahifadhiyo mtoto chuoni hayakai pahala pamoja nyuma ya kichwa. Sehemu iliyo ndani ya ubongo, usawa wa masikio, ndiyo iyapokeayo kwanza, kisha huenea.

AKILI IKO WAPI?

Aristatalisi alisema mkuu wa mwili ni moyo, na Jalinus akasema hisi na mwendo hutawaliwa na ubongo. Ibn Sina alikusanya baina yao: asili ya nguvu ni moyo, lakini zadhihiri na kutenda kwa ubongo, na tabibu kazi yake ni kutibu pale penye maradhi.

Mas-ala haya hayakuwa mageni kwa mafakihi. Imamu Nawawi ameeleza kuwa wenzetu wa madhehebu ya Shafii na wengi wa wanavyuoni wa tauhidi husema akili imo moyoni, na kwamba imepokewa kwa Abu Hanifa kuwa imo kichwani. Matabibu walitoa hoja kuwa ubongo ukiharibika na akili huharibika. Wakajibiwa kuwa yaweza kuwa Mwenyezi Mungu ameijaalia akili iharibike kwa kuharibika ubongo, ingawa haimo humo. Hata hivyo ampigaye mwenziwe kichwani hata akili ikamwondoka humlazimu dia kamili. Basi sharia imekihifadhi kichwa cha mtu, na anayekichezea kwa vileo au kwa vipigo amechezea amana.

MAONYO YA MAISHA YAKE

Siku moja kichwa kilimuuma sana, akaogopa maji maji yasiteremke kwenye ngozi ya ubongo yakafanya uvimbe. Akataka barafu nyingi, ikapondwa, ikafungwa katika kitambaa, akajifunika nayo kichwa mpaka akapona.

Lakini mtu huyu aliyekijua kichwa hivyo mwenyewe ameeleza kuwa usiku, usingizi ukimshinda, alikuwa akinywa kikombe cha kileo ili arudi kusoma. Na baada ya darasa za usiku huletwa waimbaji na vinywaji. Mwanafunzi wake pia ameandika kuwa hakujizuia na matamanio hata nguvu zake zikaisha. Tena katika falsafa alisema maneno ambayo Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, aliyapinga vikali katika Tahafut, na mas-ala matatu akayahukumia ukafiri: kuwa ulimwengu hauna mwanzo, kuwa Mungu hayajui mambo madogo madogo moja moja, na kukanusha kufufuliwa kwa miili. Wala Ghazali huyo huyo hakuikataa tibu. Katika Ihyaa ameutaja ubongo na nguvu za kuwaza na kufikiri na kuhifadhi zilizowekwa ndani yake. Ndio uadilifu wa wanavyuoni: haki haikataliwi kwa makosa ya aliyeisema, na kosa halikubaliwi kwa ukubwa wa mtu.

KUFA KWAKE

Mwisho alipatwa na ule msokoto wa tumbo aliokuwa akiwatibu wafalme. Alikuwa safarini na Alau-d-Dawla, akaogopa kuachwa nyuma, akajitia dawa kwa njia ya nyuma mara 8 kwa siku moja hata matumbo yakafanya vidonda, na kifafa kikamshika. Tabibu aliyemtengenezea dawa akazidisha mbegu za karafsi, na mtumishi wake akamtilia afyuni nyingi. Alipofika Hamadhan akajua kuwa mwenye kuuongoza mwili wake ameshindwa kuuongoza, akaacha dawa. Ibn Khallikan ameeleza kuwa alikoga, akatubu, akawagawia masikini mali yake, akawaacha huru watumwa wake, na akawa akikhitimu Kurani kila siku tatu. Akafa mwaka 428 Hijria (1037 Miladi), kaburi lake likawa Hamadhan.

Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona katika karne ya 12, kikasomeshwa katika vyuo vya Ulaya mpaka karne ya 17, na kwa Kiarabu kilipigwa chapa Rumi mwaka 1593. Yeye mwenyewe hakurudi katika siku zake za mwisho ila kwa kile alichokihifadhi Bukhara kabla hajatimia miaka 10. Basi mwenye mtoto na amtilie Kurani mapema, kisha amfundishe na ilimu za dunia, na amzoeze kuyatenda ayajuayo.

Mwenyezi Mungu atupe ilimu yenye manufaa na mwisho mwema. Amin.