Baker, ofisa misitu aliyeanzisha ngoma ya miti

RICHARD St. Barbe Baker alizaliwa Oktoba 9, 1889, huko West End, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1920 alifika Kenya akiwa ofisa misitu wa serikali ya kikoloni.

Alichokikuta kilimsikitisha. Misitu ya mtarakwa, mwerezi wa asili unaostahimili baridi ya milimani, ilikuwa ikitoweka. Wakazi wa Tabora, waliozoea mininga na miembe ya njia ya misafara, hawauoni mti huo kwao. Kwa upande wa Tanzania makao yake ni nyanda za juu kama Kilimanjaro na Usambara.

Baker aliwaomba Wakikuyu wapande miti, lakini wazee wakamjibu kuwa hiyo ni kazi ya Mungu. Badala ya kutoa amri, kama ilivyokuwa desturi ya watawala wa wakati ule, aliitazama mila yao. Ilikuwapo ngoma ya kupanda maharage na ya kuvuna mahindi. Kwa nini isiwepo ya miti?

Ngoma hiyo ilichezwa Muguga, Julai 22, 1922, kwa msaada wa Chifu Josiah Njonjo. Vijana 50 waliapa kupanda kila mmoja miche kumi kwa mwaka, na kuitunza miti popote. Wakajiita Watu wa Miti.

Mwaka 1924 Baker alikianzisha chama hicho Uingereza, kikaenea nchi nyingi.

Juni 5, 1982, akiwa na umri wa miaka 92, alipanda mti katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Canada. Alifariki dunia siku nne baadaye.