Hamilton Naki: alifundisha waganga, akalipwa pensheni ya mtu wa bustani

Hamilton Naki alizaliwa karibu na mwaka 1926 kule Transkei, Afrika ya Kusini. Akiwa na miaka 14 aliacha masomo juu ya umaskini, akaenda Cape Town kutafuta kazi. Universite ya kule ikamuandika mtu wa bustani: kukata majani na kutengeneza viwanja vya tenisi.

Mwaka 1954 munganga Robert Goetz alimuita amsaidie kushika twiga katika laboratwari. Naki hakurudi tena bustanini. Alianza na kuangalia wanyama. Kisha akajifunza kuwalaza usingizi, kupasua, kushona mishipa midogo, yote kwa macho na mikono, bila diploma. Mwishoni waganga vijana walikuja kwake kujifunza namna ya kutoa ini la nguruwe mmoja na kulitia ndani ya mwingine.

Kazi ya kubadilisha viungo ilijifunzwa hivyo, kwanza juu ya wanyama. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hopitali ya Groote Schuur, munganga Christiaan Barnard alimtia Louis Washkansky moyo wa Denise Darvall, binti wa miaka 25 aliyegongwa na gari. Moyo haununuliwi sokoni: baba ya binti ndiye aliyekubali utolewe. Washkansky aliishi siku 18, akafa kwa ugonjwa wa mapafu.

Wengine waliandika kwamba usiku ule Naki alikuwa ndani ya chumba cha kupasulia. Si kweli. Wakati ule wa ubaguzi, Mweusi hakuweza kumpasua Mzungu. Lakini hakuna haja ya kumuongezea sifa. Kazi aliyoitumika kweli inatosha.

Mwaka 1991 alipumzika. Pensheni yake? Ile ya mtu wa bustani. Serikali ilimpa nishani ya Mapungubwe mwaka 2002, na universite ikamtunukia diploma ya heshima mwaka 2003. Alikufa Mei 2005.

Ndugu watumikaji, hata kwetu kuna mzee anayefundisha injinia mpya namna ya mashini, na karatasi yake ya mshahara ingali inasema kazi ya mikono. Angalieni kategoria yenu leo, mungali kazini. Nishani ilimkuta Naki miaka 11 nyuma ya kazi, na nishani hailipi unga.